Namba Ishirini na Moja Chini ya Mabati

Mafundi wa barabara yetu walisema sitafika Noeli. Mmoja alisema sitafika hata Pasaka, na kwa kuwa nilifungua garaji yangu mwezi wa pili, alikuwa amenipa muda mfupi sana. Walisema mtu aliyekaa pwani miaka tisa ameshalainika, hataweza mawe ya mtaa wa Mabanga. Walisema Goma hakuna mtu wa kulipia baridi.

"Baridi hapa iko ya bure, papa," aliniambia jirani yangu, fundi wa breki, siku nilipokuwa napandisha kibao changu. "Mutu anafungua dirisha tu. Weye utauzisha nini?"

Nilimwacha aseme. Niliondoka mji huu na begi moja. Mombasa niliuza mayai ya kuchemsha nje ya geti la chuo mpaka nikaingia kwa geti hilohilo kama mwanafunzi, na nikatoka na diploma ya umeme wa magari. Sikuinunua. Baada ya hapo nilifanya kazi miaka minne kwenye yadi ya magari yanayoshushwa melini, na viyoyozi vilivyopita mikononi mwangu sikuvihesabu. Nilirudi na pesa zangu mwenyewe. Nikanunua kiwanja juu ya mawe meusi ya volkano, nikajenga paa la mabati kutoka ukuta hadi ukuta, paa ambalo hakuna garaji nyingine ya barabara ile iliyokuwa nalo. Wenzangu walifanya kazi mvuani au chini ya turubai. Mimi wateja wangu hawakulowa. Na kibao kilisema wazi: UMEME NA KIYOYOZI, FUNDI MWENYE DIPLOMA.

Jirani yangu alikosea kuhusu baridi kwa sababu hakufikiria vumbi. Goma haina joto la kuua mtu, lakini ina vumbi jeusi linaloingia hadi ndani ya meno. Anayefungua dirisha barabarani analila. Mwenye kifua kibaya anafunga vioo, na akishafunga vioo anahitaji kiyoyozi kinachofanya kazi. Niliyajua hayo kabla ya kununua bati la kwanza.

Mteja aliyekuja kunithibitisha, au ndivyo nilivyofikiri siku ile, alikuwa papa mmoja, baba mtu mzima, mwenye asili ya upande wa Bukavu, karani mstaafu, mwenye koti hata saa sita mchana. Gari lake lilikuwa la Kijapani, la kuvuta kwa magurudumu yote manne, usukani kulia, kuukuu kuliko diploma yangu, lakini safi. Dashibodi iling'aa kama uso wa mtoto anayekwenda kupokea komunyo ya kwanza. Mke wake alikuwa kiti cha pembeni, kitambaa mdomoni.

"Nayiambia vingt-deux," papa alisema, akionyesha kidirisha cha namba kilichoandika 22. "Inaandika vingt-deux, sikatai. Halafu inatuchoma. Nyuma ya dakika kumi, inatugandisha. Tena inatuchoma. Na ile vingt-deux inabakia pale pale. Inatudanganya na politesse, na adabu yote."

"Alhamisi nilifika kwa docteur nimelowa jasho," mama alidakia nyuma ya kitambaa. "Akasema ni malaria. Akanitoboa kidole."

Kila Alhamisi papa alimpeleka mkewe hospitali kwa ajili ya kifua. Vioo havikuweza kufunguliwa, na kwa hali ya kiyoyozi kile, havikuweza kufungwa pia.

"Papa, kesho kutwa utalichukua," nilisema. Ilikuwa Jumatatu.

Nawaeleza wasiojua. Kiyoyozi cha kawaida unakigeuza mwenyewe kwa mkono. Hiki cha otomatiki unakipa namba ya joto unalotaka, na kompyuta yake ndogo inajitafutia. Inasikiliza vihisi kadhaa, ambavyo sisi tunaviita kapteri: kimoja kinapima joto la nje, kimoja joto la ndani, kimoja kinaangalia jua linavyopiga dashibodi. Kihisi kimoja kikidanganya, kompyuta inafuata uongo huo kwa bidii.

Nilianza na gesi. Ilikuwa sawa. Kompresa ilikuwa nzima, mkanda mzima, feni nzima. Nikatoa skana yangu, mtambo wa kusoma kompyuta za magari, nilioununua kwa mapato ya miezi minne. Ilisoma injini vizuri. Nilipoiuliza kiyoyozi, ikanyamaza. Gari lilikuwa la zamani mno, hawakuelewana. Nikaizungusha, nikachomoa waya, nikachomeka, nikaiuliza tena. Kimya. Miezi minne ya mapato, na kimya.

Lakini mimi si fundi wa skana. Nilikumbuka kwamba magari ya rika lile yanajipima yenyewe: unabana vitufe viwili vya kiyoyozi kwa pamoja, unafungua swichi kwa ufunguo, taa zinawaka na kuzima mara kadhaa, kisha kidirisha kinaandika namba ya ugonjwa. Nikabana, nikafungua. Ikaandika 21.

Ishirini na moja ni kihisi cha jua. Nilicheka peke yangu. Kitu cheusi kidogo kama kifungo cha shati, juu ya dashibodi karibu na kioo. Kazi ya robo saa.

Sasa, Goma hununui kipuri ili kujaribu. Unaazima. Unakwenda kwa mwenye gari au kipuri kizima cha aina hiyo, anakupa, unafunga, unaona kama ugonjwa umepona. Hakuna anayedai kodi. Malipo ni jambo moja tu: unaporudisha, unaeleza ugonjwa. Unasema ulikuwa wapi, uliuonaje, ulikosea wapi kabla ya kuuona. Wote, bila kuficha, maana yule aliyekuazima naye kesho atakutana nao. Anayeficha haazimwi tena. Huko pwani sikuona desturi hii. Huko kila mtu alilinda anachojua kama pochi yake.

Wa kwanza kunipa alikuwa yuleyule fundi wa breki. Alikuwa na gari dogo la kampuni ileile iliyotengeneza la papa.

"Chukua," alisema, akikichomoa kwa bisibisi. "Lakini nitangoja hadisi yake. Nataka ya mutu wa diplome, na nukta na virgules zake zote."

Nikafunga. Nikabana vitufe. 21.

Jumatano papa akaja na mwavuli wake, nikamwambia kesho kutwa. Nikaenda Kyeshero kwa mama mmoja wa Butembo anayeuza vipuri vilivyotumika, mwanamke anayejua kilicho katika kila boksi bila kulifungua. Akaniazima kihisi kingine.

"Hii ni nzima, naisemea mimi," akasema. "Kama ikikataa, mugonjwa ni weye."

21.

Nikapima waya kutoka kihisi hadi kompyuta. Mzima. Nikapima tena na vidole vyangu vikiwa na damu, kwa sababu kufikia waya huo lazima uvue nusu ya dashibodi, na plastiki ya zamani hukata kama kioo. Nikavunja kibanio kimoja, nikakitengeneza upya kwa kipande cha waya wa chuma, nikajichukia. Alhamisi ikapita. Papa na mkewe walikwenda hospitali kwa pikipiki mbili, mama amefunikwa kichwa kizima kwa kitenge, na walipopita mbele ya garaji yangu papa alinipungia mkono kwa adabu. Afadhali angenitukana.

Ijumaa nilikwenda Katindo, kwa muzee mmoja fundi umeme ambaye karakana yake ni turubai moja nyuma ya ukuta wa kambi. Alikuwa na gari kama la papa. Nilimwomba kompyuta yenyewe ya kiyoyozi, pamoja na vitufe vyake. Aliitoa katika gari lake palepale, likabaki na shimo katikati ya dashibodi.

"Muzee, utaendeshaje hivi?"

"Na usukani," alijibu.

Nikafunga kompyuta yake. 21.

Siku ile jirani yangu aliingia na wenzake wawili, wakasimama nyuma yangu wakitazama zile tarakimu mbili za kijani.

"Vingt-et-un," alisoma. "Inakupenda."

"Nenda kwenye breki zako."

"Mutu wa pwani, sema tu imekushinda. Si haya. Muzee wa Katindo atakupatia kazi, utakuwa unamushikia torche."

Wenzake walicheka. Nilikuwa nimelala chali chini ya usukani, kichwa kwenye pedali, na nikasema nilichosema: "Jumatano ijayo likiwa halijapona, nitashusha kibao mwenyewe. Nitakuja kufanya breki kwako."

"Mbele ya bashahidi?"

"Mbele ya yeyote umtakaye."

Hivyo ndivyo nilivyojifunga. Kibao kile hakikuwa bati na rangi tu. Kilikuwa miaka tisa yangu, mayai yangu ya kuchemsha, kila kitu. Kuanzia asubuhi iliyofuata mtaa mzima uliniita Vingt-et-un. Mama wa mikate aliniita hivyo. Mwenye duka la simu aliniita hivyo akinirudishia chenji. Jumamosi nilivua waya zote, nikazipima moja moja. Jumatatu nilizirudisha. Nilikuwa na vihisi vitatu, kimoja cha papa na viwili vya kuazima, na kompyuta mbili, na kila mchanganyiko nilioufunga ulinipa jibu lilelile. Nilianza kumchukia Mjapani ambaye sikuwahi kumwona.

Jumanne saa nne lilikuja gari la mteja mwingine, alternator imekufa, mwenyewe ana haraka ya kwenda Sake. Garaji yangu inabeba gari moja kwa kazi ya kuinama. Ikanibidi nisukume gari la papa nje. Jua lilikuwa kali, la aina ile linalotokea baada ya mvua ya asubuhi. Nikiwa nimeketi ndani ya gari lile huko nje, nikisubiri hasira ipungue, nikabana vitufe viwili kwa mazoea tu, kama mtu anavyogusa jino linalouma.

00.

Sufuri mbili maana yake hakuna kosa. Nikafikiri kidirisha kimekufa. Nikarudia. 00. Nikaweka kihisi cha papa, cha kwake chenyewe nilichokihukumu tangu siku ya kwanza. 00.

Nilimwomba mwenye alternator atoke kidogo. Nikasukuma gari la papa ndani, chini ya mabati. 21. Nikalisukuma nje. 00. Ndani, 21. Jirani yangu aliacha nyundo yake, akaja barabarani, akanitazama nikisukuma gari ndani na nje kwa jasho.

"Vingt-et-un," aliita, safari hii kwa sauti ya chini kidogo, "uko salama?"

Nilikuwa nimeelewa, na nilitamani nisingeelewa. Kihisi cha jua kikiwa gizani hakioni jua, na kompyuta ikijipima inahesabu kutoona huko kama ugonjwa. Mombasa tulipimia yadini, nje, na yadi za pwani jua halikosekani. Namba ile haikuwahi kunitokea bila sababu. Hapa nilipimia kivulini. Kivuli cha paa langu, paa nililojisifia, paa la kutoka ukuta hadi ukuta. Siku nane nilikuwa nikitafuta ugonjwa ambao nilikuwa nimeujenga mwenyewe kwa misumari. Niliketi juu ya tairi nikatukana kwa lugha nne.

Na gari lilikuwa bado halijapona. Hilo ndilo lililoniuma zaidi. Nilikuwa nimepoteza siku nane, nimebakiwa na moja, na papa bado angechomwa na kugandishwa.

Lakini sasa akili ilikuwa yangu tena. Kompyuta inasema vihisi vyote vinaongea vizuri kwa umeme. Sawa. Basi kuna kimoja kinachoongea vizuri na kusema kitu kisicho kweli. Kipi? Abiria wanachomwa na kugandishwa, na kompyuta haijui. Kwa hiyo haijui joto la ndani. Kihisi cha joto la ndani kinakaa nyuma ya kidirisha kidogo chenye matundu kando ya usukani, na kuna kipira, bomba jembamba la mpira, kinachovuta hewa ya chumba ipite juu yake. Hewa isipovutwa, kihisi kinapima joto la nyuma ya dashibodi, mahali penye mabomba na waya, na kinaripoti joto hilo kwa uaminifu kabisa.

Nilichana kipande cha karatasi ya choo, nikawasha feni, nikakiweka mbele ya matundu yale. Kilitakiwa kunata. Kikaanguka juu ya kiatu changu.

Nikafungua. Matundu yote na mdomo wa kipira vilikuwa vimeziba kwa uji mweusi, mzito, unaong'aa. Si tope. Si grisi. Nikaunusa. Harufu yake niliijua tangu nikiwa mtoto, na haikuwa ya gari.

Nilimpigia papa, akaja na mkewe.

"Papa, dashibodi hii unaisafisha na nini?"

Alinyooka ndani ya koti lake. "Kila Jumamosi. Kwa misa ya kesho yake. Mutu haendi kanisani na gari chafu."

"Na nini, papa?"

"Glycérine."

Mkewe aligeuka polepole. "Glycérine gani?"

Papa alianza kufunga vifungo vya koti lake.

"Ndio ile yangu ya kupaka miguu!" Mama alishusha kitambaa mdomoni. "Miezi nane natafuta mwizi wa glycérine katika ile nyumba! Nilifukuza mutoto wa kufua juu ya ile glycérine!"

"Ilikuwa inabakia kidogo tu kwenye chupa..."

"Kidogo! Gari inapakwa kuliko mimi!"

Alicheka mpaka kifua kikamkamata, na papa akampiga mgongo taratibu, akinitazama kama mtu aliyekamatwa na pochi ya parokia. Glycérine inanata, vumbi la volkano linakuja juu yake, Jumamosi nyingine anaongeza, na kitambaa kinausukuma mchanganyiko wote ndani ya matundu. Hakuna kitabu cha Kijapani kilichoandika hilo.

Nilivua kipira na matundu, nikaviosha kwa maji ya moto na sabuni, nikavikausha. Karatasi ikanata. Jumatano asubuhi tulitoka watatu, vioo juu, barabara ya Sake hadi mwisho wa lami na kurudi, kipimajoto changu kikining'inia kwenye kioo. Ishirini na mbili. Ishirini na mbili. Mama alisinzia. Nilipomaliza, papa alinilipa na kuinua kofia, na Alhamisi walipita mbele yangu vioo vimefungwa.

Kibao kilibaki juu. Nilitegemea kwamba siku hiyo nitatembea mtaani kifua mbele. Lakini nilikuwa na kompyuta ya mtu na vihisi vya watu wawili, na walikuwa wananidai hadithi.

Nilianza na jirani kwa sababu alikuwa karibu. Nikampa kihisi chake, nikamsimulia glycérine. Alicheka mpaka akakaa chini, na katika kicheko kile alisahau kuuliza zaidi. Nikaondoka haraka. Kyeshero nilimsimulia yule mama wa vipuri, naye akacheka, kisha akaacha.

"Na vingt-et-un? Ilitoka wapi?"

"Waya," nilisema. "Waya ulikuwa unagusa vibaya."

Alinitazama, akatia kihisi kwenye boksi lake. "Haya," akasema. Neno hilo moja lilinifuata hadi Katindo.

Muzee alipokea kompyuta yake, akaanza kuirudisha kwenye shimo bila haraka, nami nikasimulia. Glycérine ilimfanya atabasamu. Kisha akaonyesha kwa kidole gari jingine chini ya turubai lake.

"Ile pale inaniandikia vingt-et-un tangu asubuhi. Nilikuwa natoka, niende kununua kapteri kwa ule mama wa Kyeshero. Ama ni waya, kama kwako?"

Ningeweza kusema ni waya. Angepoteza siku nane zake kama mimi, au angenunua kihisi asichohitaji, na mimi ningebaki na jina zuri. Nilitazama turubai. Nilitazama mikono yake, ilivyo na makovu ya plastiki kama yangu.

"Usinunue, muzee. Isukume nje, juani."

"Ju ya nini?"

"Isukume tu."

Tukasukuma. Akabana vitufe. 00. Akabana tena. Nikamweleza yote: Mombasa, yadi, paa langu, siku nane. Sikuacha kitu. Alikaa ndani ya gari, mkono kwenye ufunguo, na nilipofikiri anakaribia kunicheka akasema kwa hasira ya kweli, "Kumbe mi nimetupa kapteri ngapi nzima, chini ya hii turubai?" Akashuka. "Umelipa. Bengine bote umeshabaambia?"

Niligeuka kutazama barabara.

"Pikipiki iko pale barabarani," akasema.

Nikarudi Kyeshero. Mama wa vipuri alikuwa anafunga boksi. Nilisema hapo mlangoni, nimesimama, kama mtoto anayesoma somo: haikuwa waya, ilikuwa paa. Aliniuliza maswali matatu, yote ya maana, kisha akasema atawauliza wateja wake wamepimia wapi kabla ya kuwauzia, hata kama atauza kidogo. Hakuniambia amenisamehe. Alinipa kiti.

Jua lilikuwa bado lipo nilipofika Mabanga. Jirani yangu hakuamini. Alitaka kuona kwa macho yake, akawaita na wengine, wakaja mafundi watano wa barabara ile, wale wale wa Noeli na Pasaka. Wakalisukuma gari lake dogo chini ya mabati yangu, wakalitoa, wakaliingiza tena, wakigombana nani anasukuma vibaya, nami nimeketi kwenye usukani, vidole kwenye vitufe viwili, nikiwasomea kwa sauti kubwa kila walichotaka kusikia: vingt-et-un ndani, zéro-zéro nje, vingt-et-un, zéro-zéro, mpaka wote wakatosheka na hapakuwa na mtu Goma anayenidai.